Ndege Apewe pa Kutazama

Raskazone, Tanga
3 Agosti 2025

Kwa Ami yangu Yussuf,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Sisi huku wazima, sijui nyie huko Wete. Mama hajambo, goti tu linamsumbua akipanda ngazi. Anakusalimu, na anasema shemeji asitusahau karafuu zikianza kushuka, za kutia kwenye chai zimekwisha tangu Mfungo Tatu. Nisalimie mama mdogo Rahila.

Najua utacheka kupata barua wakati dunia nzima iko kwenye simu. Lakini ni wewe uliyeikataa simu ya kioo, ukasema picha isiyoshikika mkononi si picha. Basi hii hapa, ishike. Nimempa Samira wa jirani, anasafiri na meli ya Jumanne.

Ami, picha yangu imekubaliwa! Kuna maonyesho ya picha za ndege mwezi wa Desemba, katika ukumbi wa hapa mjini, na kati ya watu themanini wamechukua kumi na wawili. Mimi ni mmoja. Wamenipa sharti moja tu: niamue nitaikrop vipi, kisha nipeleke ya mwisho kabla ya tarehe 30 Novemba. Nami siwezi kuamua. Nikimsogeza ndege karibu, napoteza maji. Nikiiweka wima, anapendeza shingo lakini anabanwa. Nikiiacha pana, kuna tatizo upande wa kushoto.

Tatizo lenyewe ni mtu. Utamwona, mdogo, ukingoni kabisa, amesimama kwenye mkondo na maji yamemfika magotini. Suruali ameikunja mguu mmoja juu, mwingine chini. Wallahi siku ile sikumwona. Nilikaa pale saa tatu nzima, hakupita hata mvuvi. Asheri, fundi anayenisafishia picha, anasema jicho likishamshika ndege halioni kingine, na labda ni kweli.

Wewe ndiye uliyenifunza kamera likizo zote zile nilizokuja huko. Niambie, nikate wapi?

Mwanao,
Najat


Wete, Pemba
24 Agosti 2025

Kwa binti yangu Najat,

Waalaykumu ssalaam, marahaba. Barua imefika salama, Samira kaileta mpaka mlangoni na uji kanywa. Huku wazima. Karafuu za mwaka huu zinaonyesha kheri, mama yako mdogo keshatoa majamvi ya kuanikia. Za mama yako nimeshamtengea. Mwambie goti alikande kwa maji ya moto ya chumvi, asilidharau.

Nimemtazama ndege wako siku nzima. Kazi njema, na simwambii hivyo kila mtu. Wengi wakimpiga yangeyange kwenye jua, hutoka kama shuka iliyoanikwa. Wewe nyeupe hukuiunguza, manyoya yanahesabika. Nilijivuna mpaka Rahila akaniuliza kuna nini.

Sasa hilo neno, kukrop, nani kawafunza? Sisi tulisema kukata, kwa sababu tulikata, kwa mkasi. Nakutumia pembe zangu mbili za kadi nyeusi, zile zenye umbo la herufi L. Nilizitumia studio miaka kumi na minane. Ziweke juu ya picha, moja huku na nyingine huku, uzisogeze taratibu mpaka mwenyewe uone picha imekaa. Zitunze.

Lakini kwa hii usijisumbue, nimeshakukatia. Iweke wima, na kushoto ukate mdomoni kabisa, hapo nilipopita na mkasi. Huyo mtu ni takataka tu, ananyang'anya macho. Kipande chake nimebaki nacho mimi.

Umeniandikia kila kitu isipokuwa umepigia wapi.

Ami yako,
Yussuf


Raskazone, Tanga
7 Septemba 2025

Kwa Ami Yussuf,

Assalaam alaykum, shikamoo. Pembe za kadi nimezipokea, nimezifunga kwenye leso yangu mwenyewe. Mama goti limepata nafuu, anakushukuru. Juzi kaja tena mjumbe wa yule Bwana Rahimu anayetaka kumuoa. Mama kamkaribisha vizuri, kampa chai, kisha kamwambia jibu lake la siku zote: "Mume wangu yuko safarini." Mjumbe kaondoka bila kumaliza kikombe. Ami, ni miaka ishirini sasa. Kila mtu anayetokea mpakani Horohoro, hata dereva wa lori asiyemjua, Mama humuuliza kama huko Mombasa hakusikia habari za Khatib wa Tanga. Na kila Alhamisi bado anapiga pasi kanzu ya baba, ikae tayari kwa Ijumaa. Mimi nilikuwa na miaka minne alipoondoka, simkumbuki hata sauti, lakini ile kanzu naijua kila mshono.

Tuje kwenye picha. Nimepigia nyuma ya Tongoni, mikokoni, pale mkondo unapojikunja penye mkoko uliolala.

Usinikasirikie, lakini ulivyokata sijakuelewa. Kitu cha kwanza kabisa ulichonifunza ni kwamba ndege apewe pa kutazama. Akitazama kushoto, nafasi iachwe kushoto. Ukimkata mdomoni, ulisema, anakuwa kama mtu aliyegeuzwa uso ukutani. Huyu wangu anatazama kushoto. Wewe umekata kushoto. Vipi?

Halafu nimeinua macho nikaona kitu ambacho nimekaa nacho umri wangu wote. Ile picha yako ya yangeyange iliyoko sebuleni kwetu, uliyompa Mama kabla hujahamia Pemba, nayo imekatwa hivyo hivyo. Mdomo unagusa fremu. Ulikuwa bingwa wa Tanga nzima, Ami. Iweje kosa hilo ulifanye mara mbili?

Jambo jingine, labda ni upuuzi. Ya kwako uliikata, nikaenda kwa Asheri anisafishie nyingine. Ni faili lile lile, kompyuta ile ile. Lakini katika hii mpya, yule mtu maji yako kiunoni. Nimeziweka mbili pamoja mezani, ile ya kwanza niliyobaki nayo na hii. Magotini, kiunoni. Asheri anasema ni wino. Nilimuuliza ni wino gani unaopanda, akaanza kufuta mashine.

Mwanao,
Najat


Wete
2 Oktoba 2025

Kwa Najat,

Waalaykumu ssalaam. Sisi wazima. Karafuu zimeanza, mikono yote imekuwa myeusi, ndiyo maana nimechelewa.

Sina la kuongeza juu ya picha. Kanuni zipo, na mwenye macho anajua pa kuzivunja. Kata nilivyokata.

Usiende tena pale mkokoni, tope lake si zuri. Na hizo picha usimwonyeshe mama yako.

Ami yako


Raskazone, Tanga
14 Oktoba 2025

Kwa Ami Yussuf,

Assalaam alaykum, shikamoo. Poleni na karafuu. Mama ni mzima.

Barua yako fupi imenitia hofu kuliko ingekuwa ndefu. Nilikuuliza juu ya ndege, ukanijibu juu ya tope. Sikukuambia nimekanyaga tope, nilipigia ng'ambo, penye mchanga. Na kwa nini Mama asione picha ya ndege?

Nimesafisha ya tatu. Maji yako kifuani na mkono mmoja umeinuka. Katika zile mbili za kwanza mikono yote ilikuwa chini, nimetazama kwa kioo cha kukuzia. Asheri ameniomba nitafute fundi mwingine. Si kwa ubaya, kanirudishia hata hela yangu, lakini anasema dukani mwake kumeanza kunuka pwani, na yeye duka liko Pongwe, mbali na bahari.

Nimejaribu kumkata kwenye kompyuta, Ami, ulivyotaka. Nakata, nahifadhi, nafungua: yupo. Ukingo umesogea, naye amesogea ndani yake. Ndege hajageuza shingo hata kidogo.

Nataka kukuuliza jambo kwa adabu zote. Uliniambia tofauti ya kukrop na kukata, nami nilicheka. Sasa sicheki. Sisi tukikrop, kinachotoka kinapotea tu, hakuna anayekishika mkononi. Wewe ulikata kwa mkasi. Mkasi unaacha kipande.

Ile picha ya sebuleni kwetu, Ami. Kipande chake cha kushoto kiko wapi?

Najat


Raskazone, Tanga
9 Novemba 2025

Kwa Ami Yussuf,

Assalaam alaykum, shikamoo. Sijapata jibu. Meli imekuja mara tatu, nimeshuka bandarini mara tatu. Samira kaniambia alikukuta barazani, barua yangu iko mfukoni mwako, na hukumpa kitu cha kuleta.

Mama ameziona. Sikumwonyesha, alikuwa akitafuta leso. Nimerudi kazini nimemkuta kaketi sakafuni, kazipanga kwa mstari, zote nne, maana nimesafisha na ya nne kwa fundi mwingine. Magotini, kiunoni, kifuani, shingoni. Nilidhani atapiga kelele. Akaweka kidole kwenye ile ya kwanza, kwenye miguu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Huyu kakunja suruali vibaya. Baba yako hivyo hivyo, mguu mmoja hausahau, mwingine haukumbuki. Nilimsema mpaka nikachoka."

Kisha akainuka akaenda kupika. Alhamisi hii hakupiga pasi kanzu.

Ami, nakupenda. Wewe ndiye baba niliyemwona. Ada ya shule ulilipa wewe, kamera ya kwanza ulininunulia wewe. Lakini miaka ishirini hujatia mguu Tanga, hata bibi alipokufa ulituma salamu, na mimi sikuwahi kuuliza kwa nini. Leo nauliza. Maji yamemfika shingoni, na naogopa kusafisha ya tano. Sema kabla hayajamfunika.

Najat


Wete, Pemba
21 Novemba 2025

Kwa binti yangu Najat,

Waalaykumu ssalaam warahmatullah. Salamu za nyumbani utanisamehe, leo sina.

Kile kipande nilichokata kwenye picha yako nilikitia kwenye kopo la karatasi za studio, pamoja na kingine. Kesho yake kikawa kimelowa. Zilipoanza karafuu nikakianika juani juu ya jamvi, kati yake. Karafuu zilikauka kwa siku nne, zikatiwa magunia. Kipande hakikauki. Kila nikikigeuza, jamvi chini yake lina chumvi. Rahila kaniuliza mbona karafuu za jamvi lile zinanuka tope, nikamwambia ni mvua. Mvua haijanyesha huku siku ishirini.

Nimechoka, mwanangu. Nakuandikia yote.

Kaka Khatib hakwenda Mombasa. Hakufika hata Horohoro.

Ilikuwa Jumapili, mwaka 2005, siku za bamvua, bahari inapokupwa na kujaa kupita kawaida. Hoteli moja ilitaka picha ya ndege kwa kalenda yake, nikamwomba kaka anisindikize mkokoni, anibebee begi. Alikubali kwa kuwa alitaka chaza wa kumpelekea mama yako. Mimi nikatega kamera upande wa mchanga, yeye akavuka mkondo kwenda kwenye mizizi ya ng'ambo. Maji yalikuwa yametoka, yalikuwa ya vifundo tu. Akakunja suruali, mguu mmoja. Nilimcheka.

Yangeyange akatua saa ile maji yalipoanza kurudi. Nilikuwa nimemngoja siku tatu. Nikatia jicho kwenye kamera, sikulitoa. Nikamsikia kaka ananiita. Nikanyoosha mkono bila kugeuka, nikampa ishara anyamaze. Akaita tena. Nikaona ukingoni mwa tundu la kamera mkono unapunga, nikajua ni mzaha wake, siku zote alikuwa akinifukuzia ndege ili nikasirike. Nikamwambia, "Tulia, Khatib! Utamkimbiza!" Akatulia.

Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake. Nilimwambia atulie, akatulia.

Nilipiga picha saba. Nilipoinua uso palikuwa na maji tu. Miguu yake ilikuwa imeshikwa na tope, na bamvua likija pale halimpi mtu nafasi. Niliogelea, nikapiga mbizi, nikaita mpaka Magharibi. Nilipata kikapu cha chaza.

Nikamwendea mama yako nikitaka kusema. Akafungua mlango na wewe uko mgongoni kwake, akaniuliza, "Yuko wapi mwenzio?" Kaka alikuwa na maneno ya kwenda kutafuta kazi Mombasa, sote tuliyajua. Mdomo ukasema kapata lifti ya ghafla. Nilikusudia uongo wa siku moja, mpaka nimpate maiti wake nimlete kwa heshima. Sikumpata. Siku ya pili uongo ukawa mgumu zaidi kuutoa, na ya tatu zaidi. Baadaye nikawa siogopi polisi wala watu. Nilimwogopa mama yako, Mwanaasha, aniulize, "Ulikuwa unafanya nini?" Ningejibu nini? Nilikuwa nampiga picha ndege?

Nilipoisafisha ile filamu nikamkuta humo. Nikachukua mkasi. Nilimpa mama yako ndege kwa sababu sikuwa na kingine cha kumpa, na ndege yule ndiye aliyemwona kaka mpaka mwisho. Mimi sikumwona.

Umeniuliza kipande kiko wapi. Hiki hapa ndani ya bahasha, kavu. Si kile chako, ni changu. Nilikikata, nikashindwa kukitupa.

Mpe mama yako. Mimi sina uso.

Yussuf


Raskazone, Tanga
14 Desemba 2025

Kwa Ami Yussuf,

Assalaam alaykum. Shikamoo naiandika kwa sababu wewe ni ami yangu na hilo halikatiki, lakini nimeiandika mara ya tatu, mbili za kwanza nimechana.

Barua nilimsomea Mama mwenyewe, neno kwa neno. Sikuruka hata pale pa "tulia". Alisikiliza mpaka mwisho, akanyoosha mkono nimpe kipande. Aliteremsha picha ya sebuleni, akatoa misumari ya nyuma kwa kisu cha jikoni, akaviweka pamoja mezani. Vimeshikana, Ami. Hata ile njia ya mkasi ulipotetemeka imeshikana. Baba amesimama, maji magotini, mkono juu. Mimi ndiyo mara ya kwanza kumwona baba yangu akifanya kitu, si kukaa tu kwenye picha ya kitambulisho. Ndege anamtazama yeye. Mama akasema, "Miaka yote nikifuta vumbi najiuliza, huyu anamtazama nani." Akavigundisha kwa gundi ya karatasi, akavitia kwenye fremu. Havikuenea, kwa hiyo fremu tumeitupa, picha imesimama juu ya kabati.

Tumemwita shehe. Mama alitaka kukaa eda. Shehe akamwambia kwa upole kwamba eda huhesabiwa tangu siku mume alipokufa, si tangu siku ya habari, kwa hiyo yake ilikwisha zamani, miezi minne na siku kumi, mwaka ule ule wa 2005. Mama akamtazama. "Basi aliikaa nani?" akamuuliza. Hapo ndipo Mama alipolia.

Swala ya ghaibu, ya maiti asiyekuwepo, imeswaliwa Ijumaa. Hitima imesomwa nyumbani. Kanzu Mama kampa muadhini, alikuwa na kimo cha baba.

Nina hasira nawe, na sitaki kuifunika kwa salamu. Sikukasirikii kwa ule mkondo. Hata mimi nilikaa pale saa tatu na jicho kwenye kamera, najua linavyokula mtu. Nina hasira kwa zile Alhamisi zote za pasi. Kila mwaka ulimtumia mama yangu karafuu kama shemeji mwema, nawe unajua.

Lakini Mama anasema uje. Nilimuuliza atakuambia nini, akasema hajui, ila hawezi kumwambia mtu jambo kwenye karatasi. Meli inarudi Tanga Jumatano. Nitakuwa bandarini, na usipokuja nitakuwepo Jumatano inayofuata.

Umebaki ndege. Tarehe 29 Novemba, siku moja kabla ya mwisho, nilikwenda Pongwe kwa Asheri, akakubali kwa mara ya mwisho. Mashine ikaitoa taratibu, kulia kwanza, tukasimama wawili tunaitazama. Ndege akatoka, mdomo ukatoka. Kisha maji, na maji, na maji mpaka ukingoni. Hakuna mtu. Nilitazama kwa kioo cha kukuzia, hakuna hata kiwimbi. Nimezitoa zile nne za zamani bahashani, nazo ni hivyo hivyo, mkondo mtupu.

Nilichukua pembe zako za kadi nikaziweka juu yake, nikasogeza, nikasogeza, hadi zikatoka nje ya karatasi pande zote. Sikukata popote. Wenye maonyesho wameipokea, lakini wameniuliza mbona nimeacha maji matupu mengi kiasi kile kushoto, wakati pale panaenea mtu mzima.

Nimewajibu ulivyonifunza. Ndege apewe pa kutazama.

Najat binti Khatib